Nilimwambia asitie gundi

Nilingoja siku kadhaa kabla ya kuandika, nikidhani hasira itashuka. Haijashuka, basi naandika hivyohivyo.

Habari hii inamhusu fundi saa mmoja wa hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani. Jina lake silitaji. Nilimpelekea askari wangu wa G.I. Joe, wale midoli wadogo wa plastiki kutoka Marekani, yule aitwaye Snake Eyes, mweusi tii toka kofia mpaka viatu. Mjomba wangu alikuwa baharia, akaniletea miaka ya themanini mwanzoni nikiwa bado shule ya msingi. Mjomba ameshatangulia mbele za haki. Vitu vyake nilivyobaki navyo ni picha mbili na huyu askari. Kuna watu huko nje wanawakusanya na kuuziana kwa fedha nyingi, wangu hauzwi.

Mwezi ule, mvua za vuli zikiwa hazijaanza, mwanangu wa mwisho alimkalisha juu ya redio, kitu kikalia ndani ya kifua, miguu ikabaki mkononi mwa mtoto. Mtoto akaanza kulia. Nikamwambia, nyamaza baba, hujavunja kitu. Na kweli hakuvunja. Askari hawa wadogo, waliotengenezwa kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, kiuno chao hakina pini. Ndani ya kifua kuna oringi, mpira wa duara kama ule wa kwenye bomba au kabureta. Juu umepita kwenye kijiti cha ndani ya kifua, chini umeshika ndoano ya chuma inayobeba miguu. Mvuto wa mpira ule ndio unaomwezesha kusimama, kukaa na kuzungusha kiuno. Mpira huzeeka, na huu ulikuwa na miaka arobaini ndani ya joto letu. Unafungua skrubu moja ya mgongoni, unavisha mpira mpya, unafunga. Kazi imekwisha.

Tatizo langu lilikuwa hiyo skrubu. Ilikuwa imeshika kutu, na mimi bisibisi zangu ni za kufungia milango. Nikiilazimisha inalika kichwa, na ikilika ndiyo basi. Nikaona niende kwa mtu mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu.

Nilipomtoa mfukoni, fundi aliinua kile kioo chake cha jichoni, akamtazama, akanitazama. “Mzee, na wewe bado unacheza midoli?” Kwenye benchi walikuwapo watu wawili wanasubiri simu zao. Wakacheka. Nikamjibu kwa upole, fundi, hii ni kumbukumbu ya marehemu mjomba wangu, nataka unifungulie skrubu hii tu. Mpira nitautafuta mwenyewe. Kama hujaupata mpira muache hivyohivyo vipande viwili, ila gundi usitie. Nikarudia: gundi usitie, fundi. Akasema, “Haya, weka hapo, njoo kesho.” Hakuinua hata uso.

Kesho yake alinikabidhi amefungwa kwenye kipande cha gazeti. “Huyu sasa haachani tena mpaka kiama.”

Nikafungua gazeti. Kiuno chote kilikuwa kimeota ukungu mweupe, kama chumvi inavyokauka kwenye ngozi ukitoka kuogelea Raskazone. Supagluu ndivyo ilivyo: mvuke wake ukikutana na unyevu wa hewa unatua na kuganda mweupe, na hewa yetu ya pwani unyevu haiukosi. Juu ya plastiki nyeusi unauona kutoka mlangoni. Nikajaribu kumzungusha kiuno, hakizunguki. Paja la kulia lilikwenda, la kushoto halikupanda. Na kwenye paja hilo la kushoto, ndani ya gundi iliyomwagika, kulikuwa na alama ya kidole gumba cha fundi. Mistari yote inahesabika.

Nikamuuliza, fundi, si nilikuambia usitie gundi? “Si ulitaka vishikane? Vimeshikana.” Elfu kumi. Nikalipa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatetemeka na nilitaka kutoka pale.

Sasa niseme haki yake, maana ipo. Ile skrubu aliifungua. Skrubu ya kutu ya miaka arobaini, ameitoa na kuirudisha bila mkwaruzo mmoja, kichwa kizima kabisa. Sidhani kuna mwingine mjini hapa angeweza. Saa ya mke wangu aliitengeneza zamani, mpaka leo inatembea. Kwa hiyo nilipanga nimpe nyota tatu kati ya tano, niseme ni fundi mzuri aliyekosea siku moja.

Lakini hakukosea. Kukosea ni mkono kuteleza. Yeye kazi ngumu aliimaliza, kifua kimefunguka mbele yake, ameuona mpira uliokatika, ameiona ndoano, na akili ya fundi saa haiwezi kushindwa kuelewa vile vitu vinavutanaje. Halafu akaamua ni mdoli, akamiminia gundi apate kuendelea na simu za watu. Saa ya mtu asingeifanyia hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha pale kwenye benchi. Nyota mbili, basi.

Kwa mwenye balaa kama langu, nieleze nilivyotoka. Binti wa saluni jirani yetu alinishauri asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Asetoni inayeyusha supagluu kweli, lakini plastiki hii nayo inailainisha, uso wote unaharibika. Nikakataa. Nikamfunga kwenye mfuko wa nailoni, mke wangu akasogeza samaki, nikamlaza kwenye friza usiku kucha. Baridi kali inaifanya gundi ile kuwa kavu na ya kukatika. Asubuhi nikamshika kifua na kiuno, nikazungusha kidogokidogo, ikasikika tak! Kiuno kikaachia. Paja lilihitaji usiku wa pili. Mabaki nikayakwangua kwa kijiti cha meno, taratibu, jioni mbili nzima. Skrubu, kwa kuwa yeye alishailegeza, nilifungua mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima.

Mpira nimeupata kwenye duka la spea za pikipiki. Kijana ananiamkia, shikamoo mzee, ya kabureta ya pikipiki gani? Nikamwonyesha askari. Hakucheka. Alivuta kopo la oringi zilizolowa oili, akawa anafuta moja moja kwenye kaptura yake, anaipima kwenye ndoano, anaivuta, anairudisha. Ya kwanza nene, ya pili inalegea, ya tatu ilikaza mno miguu ikapanda yenyewe. Ya nne ikakaa. Tukamfunga palepale juu ya kaunta, akamsimamisha, akarudi nyuma hatua moja kumwangalia. “Anaitwa nani huyu, mzee?” Shilingi mia tano.

Askari sasa anasimama, anakaa, anazunguka. Ukungu nilipaka mafuta ya nazi ukapotea, baada ya siku chache umerudi. Alama ya kidole gumba bado ipo pajani. Nimeishika kwa msasa laini wa maji nikaacha, nisije nikala na plastiki.

Juzi nikampitisha kwa fundi saa, sikwenda kugombana. Nilimweka tu juu ya meza yake. Alimchukua, akakunja mguu, akaunyoosha, akazungusha kiuno huku na huku, kimya, kile kioo kipo jichoni. Nikasubiri neno samahani.

“Mpira huu umeupata wapi?”

Nilimtajia duka. Samahani sikuisikia, wala elfu kumi hakuzitaja. Nyota moja, na hiyo moja ni ya skrubu.