Boksi la kwanza la Looney Tunes Golden Collection, uzoefu wangu

Nina miezi minne nalo sasa. Ni boksi la DVD za katuni za zamani za Warner Bros, Bugs Bunny na wenzake, lile la 2003, diski 4, katuni 56. Nililinunua mtumba kwa muuzaji wa mtandaoni, diski ya tatu ikaja na mikwaruzo inagandaganda, nikamwandikia, akaleta nyingine baada ya wiki tatu. Angalieni na deki zenu kwanza, hizi ni za rijini ya Marekani, yaani zimefungwa kwa deki za huko, deki nyingine hazizisomi kabisa, mi natumia kompyuta.

Hiyo diski ya tatu ndo imenifanya niandike. Ina katuni ya Feed the Kitty, aliyoiongoza Chuck Jones, ya 1952, yule mbwa mkubwa Marc Anthony na kapaka kake. Mbwa anaamini paka kaokwa ndani ya biskuti, mama mwenye nyumba anampa biskuti yenye umbo la paka, basi anaipokea taratiiibu anaiweka mgongoni, palepale paka alipozoea kulala, anaondoka analia. Nimesimamisha hapo nikawa nasogeza picha moja moja, aisee, mdomo unatetemeka, uso wote unaporomoka, na kila mtetemo ni mtu kakaa na penseli akauchora. Sekunde moja picha 24, katuni ya dakika 7 ni zaidi ya 10,000, hata kama mchoro mmoja ulitumika picha mbili bado ni maelfu! Halafu akina dada wa wino na rangi wanahamishia kwenye plastiki na kupaka mmoja mmoja, na majina yao huyaoni mwanzoni mwa katuni. Hilo linaniuma kwa kweli. Utotoni nilidhani Bugs Bunny anajichora mwenyewe, sasa najua kuna Ken Harris kwenye kuchora, Michael Maltese kwenye hadithi, Mel Blanc kwenye sauti.

Baadhi ya katuni zina maelezo ya sauti ya wanahistoria wa katuni kama Michael Barrier na Greg Ford, na nyingine unaweza kusikiliza muziki peke yake. Msiruke hiyo ya muziki. Carl Stalling, mtunzi wa muziki wa katuni hizi, zamani alikuwa akipigia filamu za kimya ukumbini Kansas City, na unamsikia bado anafuata mguu wa mtu, kila hatua na noti yake.

Picha zimesafishwa vizuri, rangi zinawaka. Manukuu ya Kiswahili hamna, kwa watoto nakaa nawatafsiria.

Mwenye boksi la pili, la 2004, lenye What's Opera, Doc?, kama anauza anishtue, hata kava likiwa limechanika nachukua.