Mwaka wa pili na simu ya upepo kwenye Land Cruiser

Niliinunua mtumba Arusha, laki sita na nusu pamoja na antena na ufundi. Ni redio ya mawimbi ya VHF, wati 25, ya kufunga kwenye gari. Kabla ya hapo nilikuwa na ya mkononi ya wati 5, nikijidanganya kwamba inatosha. Wapi! Ndani ya gari umezungukwa na bati, na mawimbi ya VHF hayapendi vilima. Ukishapita nyuma ya kilima cha Naabi, pale Serengeti, unaongea peke yako.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Fundi wa kwanza alichukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, antena akaibana kwenye ngao ya mbele juu ya rangi. Nikaenda hadi Karatu nasikiliza mluzi unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Oltaneta, ile inayochaji betri, ilikuwa inaimba ndani ya redio. Nikataka kuirudisha. Fundi wa pili, kijana wa Mto wa Mbu, redio yenyewe hakuigusa. Alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akakwangua rangi chini ya kitako cha antena mpaka chuma kikang'aa. Mluzi ukafa. Mtu akikwambia redio fulani ni mbovu, muulize kwanza nani aliifunga.

Thamani yake niliiona Ndutu, Februari, nyumbu wakizaa. Mvua ilikuwa imepiga, tukazama mpaka ekseli kwenye ule udongo mweusi, wageni wanne ndani, saa kumi na moja jioni, simu ya kawaida haishiki kabisa. Nikabonyeza maiki: "Wakuu, kuna anayenipata upande wa kinamasi kikubwa?" Kimya. Nikarudia. Sauti ikaja na mikwaruzo: "Nakupata kaka. Usikanyage mafuta, utazidi kuchimba. Nakuja na kamba." Wakati namsubiri nikamwita kwa ile ya mkononi, kwa udadisi tu. Hakusikia kitu.

Kinachokera ni sisi madereva wa watalii. Kila mgeni anajua neno simba, kwa hiyo hewani tunasema "sharubu". Taja sharubu Seronera uone magari yatakavyojaa chini ya mti mmoja. Halafu kuna anayekalia maiki bila kujua: kwa kuwa anaongea mmoja tu kwa wakati, chaneli nzima inafungwa, wote tunasikiliza akiwaeleza wageni wake habari za kinyesi cha fisi.

Masafa ya redio yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kampuni yetu inayo; wewe unayejitegemea lishughulikie hilo kabla hujatoa hela.

Ile ya mkononi sikuiuza. Iko kambini kwa mpishi. Nikikaribia namuuliza kama chai iko tayari, na hapo inanipata vizuri sana.