Kliniki ya tiba shufaa: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mama yangu anatumia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, huu ni mwezi wa nane tangu aanze. Kabla sijampeleka nilihangaika kutafuta mtu wa kunisimulia kliniki hizi za tiba shufaa, yaani za kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, zikoje, nikaambulia maneno ya ukoo tu: "Mgonjwa akishapewa mofini, andaeni sanda." Basi nasimulia mimi.

Jina la kliniki silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nayo. Ipo Dar es Salaam, ndani ya hospitali, majengo ya nyuma. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunamnunulia diklofenaki, vidonge vya maumivu, duka la dawa la mtaani kwetu. Muuzaji anakata vidonge kwa mkasi, anatia kwenye bahasha ya kaki, anapokea hela. Hakuuliza hata siku moja ni vya nani, wala vinamezwa tangu lini. Mama akapata vidonda vya tumbo, na maumivu yakabaki palepale.

Siku ya kwanza tulifika saa moja asubuhi, tukaitwa saa tano. Foleni hiyo sitaisamehe. Lakini tulipoingia, nesi alivuta kigoda akakaa usawa wa mama, akamwamkia, akamuuliza yeye mwenyewe. Nilizoea mahali ambapo mgonjwa anazungumziwa kama mzigo. Akamfundisha kupima maumivu kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mama, aliyekuwa akijibu "tunamshukuru Mungu" kwa kila swali, akanyoosha vinne. Nilishtuka. Nyumbani hakuwahi kuniambia.

Dawa ikaja kwenye chupa ya nusu lita, lakini hatukukabidhiwa papo hapo. Nesi alijaza kikombe maji ya bomba, akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, akasema, "Dada, nivutie mililita tano." Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yangu, na bado nilikosea, nikasoma mstari wa juu ya povu. Akanirudisha mara tatu. Kisha akamgeukia mama: saa ngapi na saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi. Nguvu ya dawa inadumu kama muda wa saa nne, kwa hiyo hakuna kungoja maumivu yarudi ndipo umpe. Maumivu yakichomoza katikati kuna dozi ya ziada, naiandika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo wanalotazama kabla ya kuongeza kipimo. Tukapiga hesabu pamoja: mililita thelathini kwa siku, chupa itafika siku ya kumi na sita, rudini ya kumi na nne.

Nikauliza lile la ulevi, kama mofini itamfanya mama awe mtumwa wake, kwa sauti ya chini. Hakucheka. Alisema anayetumia kwa maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, si sawa na anayeitafuta kwa starehe. Ila mwili unaizoea, kwa hiyo tusiikate ghafla, ataharisha, atatoka jasho, atatetemeka. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Asichotaka kusikia ni mgonjwa haamki ukimwita, au pumzi zinakuja mojamoja kwa mbali: hapo hakuna dozi nyingine, ni hospitali. Pombe hapana, vidonge vya usingizi hapana, bila daktari kujua. Na mkojo ukipungua tuwaambie upesi, maana ugonjwa huu unaweza kuziba njia ya mkojo, figo zikishindwa dawa inajikusanya mwilini. Hilo la mkojo nisingelijua milele.

Chupa inakaa ndani ya sanduku la cherehani, nimelitia kufuli. Kaka yangu aliwahi kuniomba kijiko kimoja, jino linamuua. Nilimnyima, tukanuniana wiki nzima.

Sasa nyota niliyoizuia. Nesi alieleza vizuri kuwa mofini inafunga choo na kwamba dawa ya kulainisha inaanza siku ileile, kila siku, wala si mpaka choo kigome. Halafu kwenye dirisha la dawa tukaambiwa hiyo imekwisha, kanunueni. Mofini ni bure, ya choo hatukuwa na hela yake siku ile. Siku ya tano mama alikuwa analia kwa tumbo kuliko alivyolia kwa saratani. Nilipiga namba ya simu waliyotupa, ilikuwa Jumamosi, ikaita mpaka ikakata. Mapapai yalisaidia kidogo. Kilichomwokoa ni vidonge nilivyokopa kwa jirani mwenye duka. Somo zuri bila dawa yenyewe dirishani ni nusu ya kazi.

Na lebo! Imeandikwa kwa kalamu, inafutika ukishika kwa mkono wa maji. Nasikia Uganda, kwenye shirika la tiba shufaa la Hospice Africa, mofini hutiwa rangi kulingana na nguvu yake, ya kijani ndiyo nyepesi. Yetu haina rangi. Kipimo kilipobadilishwa mwezi wa tano chupa ilifanana na ya zamani kama mapacha. Nimefunga uzi mwekundu shingoni mwa hii mpya, ya zamani nikairudisha kliniki na kilichobaki ndani.

Jana jioni nilimuuliza mama, mkono ukoje? Akanyoosha kidole kimoja, kisha akakitumia kunionyesha kwamba nimeunguza maharage.

Mkienda, bebeni daftari, na hela ya dawa ya choo. Chai ya kantini msinywe, ni sukari tupu.