Seti ya ripea ya kabureta za SU HS4: raba safi, ila ugonjwa wenyewe uko kwenye shafti

Wenye MGB, ile gari ya michezo ya zamani ya Kiingereza, na ndugu zake wa kabureta mbili za SU, hii ni kwenu. Nimefunga ile seti ya ripea ya HS4 inayouzwa kama "seti kamili" na nimeshaendesha nayo vya kutosha kuisema. Jibu fupi, inunue, lakini hilo neno kamili usiliamini sana. Duka silitaji jina maana hizi seti zinafanana, nyingi zina vitu vilevile ndani.

Ndani unakuta gasketi zote, sindano za floti na viti vyake, jeti mbili (vijitundu vinavyopitisha petroli) zikiwa na paipu zake za nailoni, raba ndogo za kuziba, washa na springi kadhaa. Sindano kubwa zile za kwenye pistoni ya kabureta, sio ya injini, hazimo, hizo unaagiza kwa herufi au namba iliyochongwa kwenye shina la sindano, na hapo sina ugomvi nao maana kila injini ina sindano yake. Shafti za throto, yaani vifimbo vinavyogeuza kibati cha kufungua hewa ukikanyaga mafuta, nazo hazimo. Shikilia hilo la shafti narudi nalo sasa hivi.

Kwanza sifa. Raba ni nzuri kwa kweli. Sindano za floti zina ncha ya Viton, raba inayovumilia petroli, na siku hizi hilo ni jambo la lazima, petroli ya E10, yenye ethanoli mpaka asilimia kumi, iliyoingia kwenye vituo vya Uingereza 2021 inazila raba za zamani, zinalainika zinavimba halafu unaona petroli inadondoka chini ya bakuli la floti pale paipu ya jeti inapoingia. Kwangu ilikuwa inadondoka hapohapo. Nikabadilisha kile kiraba, nikakaza nati kwa mkono wa kiungwana, pamekauka mpaka leo. Na kumbuka kwenye injini ya B-series, hiyo ya MGB, manifoldi ya moshi iko chini ya kabureta, upande uleule, kwa hiyo tone la petroli hapo sio la kulipuuzia hata kidogo.

Lawama ya kwanza: jeti. Za HS4 zikiwa pacha zina kulia na kushoto, paipu zake hazilingani, mimi nikaletewa mbili za upande mmoja. Walibadilisha bila maneno, nawapa haki yao, ila gari ilikaa boneti wazi ikisubiri posta. Ukipokea boksi lako zitoe jeti uziweke juu ya meza sambamba na za zamani KABLA hujafungua kitu chochote kwenye gari.

Sasa shafti. Watu wengi wanaonunua hii seti gari zao zina shida moja, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) haitulii, injini inatetemeka kwenye taa, ukikanyaga mafuta inakuwa sawa. Wanadhani gasketi mpya zitaponya. Haziponyi! Shafti ya throto ni ya shaba, inazunguka kwenye bodi ya aluminiamu miaka hamsini sitini, inaliwa, na pale ilipoliwa hewa inapenya. Hewa hiyo haijapita kwenye jeti kwa hiyo haijabeba petroli, na kwenye sailensa ambako injini inavuta hewa kidogo tu, huo wizi mdogo unaonekana sana. Halafu mwenye gari anafanya nini, anashusha nati ya jeti aongeze petroli mpaka sailensa itulie, na kweli inatulia, lakini barabarani sasa gari inakunywa kama ngamia na plagi zinatoka nyeusi tii. Anarudi kulaumu plagi.

Kupima ni rahisi, shika mkono wa throto uutikise juu chini, sio kuuzungusha. Ukisikia unacheza, umeshapata jibu. Wengine wanapuliza spirei ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti injini ikiwa inanguruma wasikilize kama mlio utabadilika, inafanya kazi, ila kwa ile manifoldi ya moshi niliyosema mimi sipulizi petroli wala mdogo wake juu ya chuma cha moto, asante.

Kwa hiyo kama shafti inacheza, agiza shafti mpya pamoja na seti, siku hiyohiyo. Mara nyingi shafti ndiyo imeliwa zaidi kuliko bodi na ukiweka mpya ya saizi ya kawaida inabana vizuri. Ikikataa basi zipo shafti za saizi kubwa kidogo, au bodi inapelekwa kwa fundi wa mashine ikatobolewe iwekwe bushi. Hiyo ya mwisho sio kazi ya drili ya nyumbani, tundu likienda upande throto inakwama.

Karatasi ya maelekezo ndiyo imeniudhi kuliko vyote, picha moja ya vipande vilivyotenganishwa na majina yake basi. Haisemi kwamba pistoni na kofia yake ya juu ni mke na mume, usichanganye ya mbele na ya nyuma. Haisemi kwamba zile skrubu mbili za kibati cha throto ncha zake zimepasuliwa na ukishakaza lazima uzipanue tena, maana ikilegea moja safari yake ni ndani ya injini. Wala haisemi kwenye kabureta za sindano isiyo na springi lazima ukaze jeti ikiwa imekaa katikati, unainua pistoni unaiachia, ikianguka na mlio mkavu wa "tak" uko sawa, ikishuka kimyakimya inagusa.

Kutyuni baada ya kufunga hakukunisumbua. Nati ya jeti ishushe pande kumi na mbili toka juu kabisa, yaani mizunguko miwili, uanzie hapo, kabureta zote mbili sawa. Injini ikipata moto inua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja: mlio ukipanda ukabaki juu petroli ni nyingi, ukishuka injini ikataka kuzima petroli ni kidogo, ukipanda kidogo tu ukarudi hapo acha. Oili kwenye kofia usisahau, bila hiyo pistoni inaruka ghafla ukikanyaga na gari inajikwaa.

Ila kabla ya yote hayo angalia moto wa plagi na vali kwanza. Nafasi ya platini za kwenye distributa 0.35 hadi 0.40 mm, nafasi ya vali 0.38 mm injini ikiwa baridi, na taimingi. Nimeona watu wanafungua kabureta nzima kumbe ni kondensa ya distributa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Wakiweka shafti mbili na skrubu zake kwenye boksi, hata wakipandisha bei, naongeza moja.