Nimezima ile RAM ya ziada, na bado nina hasira

Mama alinipigia simu. Habari yote ndiyo hiyo, na ningeweza kuishia hapo.

Simu ilikuwa mkononi. Si mezani, si mfukoni: mkononi, nasoma ujumbe. Ikaanza kuita. Mlio nausikia, mtetemo nausikia, lakini kioo kimeng'ang'ania ule ujumbe niliokuwa nausoma, hakuna jina wala kitufe cha kijani. Ikaita mara ya pili, kioo kikawa cheusi. Mara ya tatu likatokea "Mama", na kitufe chake chini. Nikaburuta kidole kwenda juu. Kitufe hakikusogea. Nikaburuta tena, na tena, nadhani mara tano au sita, ile ya mwisho kwa dole gumba na kwa nguvu, kama mtu anayesukuma komeo lenye kutu. Mlio ukakatika.

Kisha simu ikazinduka. Buruta-buruta yangu yote iliyokuwa imekwama kwenye foleni ikatekelezwa kwa mpigo: orodha ya programu ikafunguka, ikafungika, kamera ikawaka, majina yakaja, na kabla sijajua kinachoendelea nikawa nampigia mtu niliyefanya naye kazi zamani na tukaachana vibaya. Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Ya kwake nzima.

Nilipofanikiwa kumpata Mama, salamu haikuwapo. "Siku hizi ukiona jina langu unaniacha niite mpaka nichoke." Utamwambia nini mzazi? Kwamba RAM ya bandia ilikuwa inahangaika? (RAM ndiyo meza ya kazi ya simu, panapokaa programu zilizo wazi.)

Sikilizeni, mimi si mtu wa kudai makubwa. Picha zikitoka na ukungu, sawa. Michezo mizito sichezi. Lakini simu isiyopokea simu ni kitu gani?

Dalili zilikuwapo muda mrefu, nakiri. Kibodi ilikuwa inaandika kwa mafungu: unabonyeza "nakuja sasa hivi", kioo kimetulia tuli, halafu maneno yote yanamwagika kwa pamoja, mengine yamekosa herufi. Nikirudi ukurasa wa mwanzo kutoka kwenye video, alama za programu zinajipanga moja moja kama wanafunzi waliochelewa gwaride. Nilijilaumu mwenyewe. Nikasema nimejaza picha. Nikaanza kufuta. Nilifuta video za safari, nikafuta picha ambazo leo nikizikumbuka nanyamaza kwanza, yote hayo ili simu ipumue. Haikupumua. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Nikaandikia huduma kwa wateja wa kampuni iliyoitengeneza. Nilieleza vizuri, kwa adabu, aya mbili, nikataja mpaka ile ya Mama. Jibu likaja haraka kuliko simu yenyewe inavyofanya lolote: "Ndugu mteja, simu yako ina RAM ya GB 8, hivyo haiwezi kuwa na tatizo la RAM. Tafadhali futa programu usizotumia."

Nikamwambia kwenye boksi mmeandika 4+4. Akasema ndiyo, jumla 8. Nikamuuliza, hizo nne za pili zimekaa wapi ndani ya simu? "Ni teknolojia ya kupanua kumbukumbu." Sawa, lakini zimekaa wapi? "Je, kuna jambo jingine ningeweza kukusaidia?" Nikaandika kwa herufi kubwa, jambo ambalo silifanyi: ZIMEKAA WAPI? Mazungumzo yakafungwa. Nikaletewa nyota tano nimpe alama. Nilipobonyeza moja, ukurasa ukaganda.

Aliyenijibu ni mdogo wangu, tena bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Kaka, hiyo si RAM. Hiyo ni stoo."

Na kweli ni stoo. Hizo GB 4 za ziada si kifaa kilichomo ndani ya simu. Ni kipande cha ile hifadhi ya ndani, mnapokaa picha na nyimbo zako, kimetengwa na kuitwa RAM. RAM ya kweli ikijaa, simu inachukua data za programu ulizoziacha nyuma, inazihamishia kule stoo, na ukizihitaji inakwenda kuzichota. Ni sawa na mtu kutoa pesa mfuko wa kushoto, akazitia wa kulia, kisha akatangaza kwamba mshahara umepanda.

Hata hilo ningelisamehe kama stoo ingekuwa na mbio. Simu yangu imetumia hifadhi ya eMMC, ile inayowekwa kwenye simu za bei nafuu. Toleo la 5.1 hata kwenye karatasi halivuki megabaiti 400 kwa sekunde, na karatasi haijawahi kushika simu iliyojaa. RAM ya kawaida ya simu hizi hizi inahesabiwa kwa gigabaiti kadhaa kwa sekunde. Kwa hiyo Mama alipopiga, programu ya kupokea simu huenda ilikuwa imehamishiwa stoo, na mimi nikawa nasubiri iletwe. Tena mlango wa stoo ni huo mmoja, na siku ile ulikuwa unatumiwa pia na picha zilizokuwa zinashuka kutoka kwenye kundi la ukoo. Sina namna ya kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa sekunde ile. Lakini ndivyo ninavyoamini, na kwa hali niliyokuwa nayo imani ilitosha.

Halafu mdogo wangu akaongeza jambo lililonichoma zaidi. Alisema Android yenyewe ina njia yake ya kubana matumizi, inaitwa zRAM, ipo tangu Android 4.4 ya mwaka 2013. Hiyo haiendi stoo. Inakunja data zisizotumika kwa wakati huo ndani ya RAM ile ile ili zikae nafasi ndogo, kama mtu anavyokunja nguo ndani ya sanduku. Inakula nguvu ya prosesa kidogo, lakini haina safari ndefu. Na ukizima ile nyongeza, kwa kawaida zRAM inabaki inafanya kazi yake. Maana yake simu haikuwa yatima hata kidogo bila hiyo 4+4.

Kuizima kwenyewe? Wameificha. Kila kampuni imeipa jina lake na kuipachika inapotaka: kuna walioiweka "Kuhusu simu", wengine kwenye "Mipangilio ya ziada", wengine kwenye sehemu ya betri na utunzaji wa kifaa. Msihangaike kupekua. Fungua Mipangilio, kwenye kisanduku cha kutafuta juu andika RAM, itajitokeza. Yangu ilikuwa imewashwa tangu siku naitoa kwenye boksi, na hakuna aliyeniuliza. Nikagusa swichi, ikanitisha: utendaji wa simu unaweza kupungua. Upungue mara ngapi tena? Nikakubali, ikataka kuwashwa upya, ikawaka.

Jamani.

Kibodi ilikuwa inanifuata kidole. Niliandika sentensi nzima ya upuuzi ili nione tu herufi zikitokea pale pale ninapogusa. Nikamwomba mdogo wangu aende chumba cha pili anipigie. Nikapokea. Nikamwambia piga tena. Nikafungua kamera, ramani na video kwa makusudi, nikamwambia piga sasa. Nikapokea. Mara ya saba akagoma, akasema kaka una matatizo mengine.

Kama ningeandika uzoefu huu jioni ile, mngesoma sifa tupu. Ningewaambia zimeni nyote, leo, kabla hamjalala.

Kisha nikaangalia sehemu ya hifadhi. Nafasi imeongezeka GB 4. Pale pale zile picha zikanijia. Nilikuwa nimekaa usiku nachagua kumbukumbu ipi nifute na ipi niache, megabaiti kwa megabaiti, na muda wote huo GB 4 zimekaliwa na kitu kilichokuwa kinanikosanisha na mama yangu. Hiyo haina nyota. Hiyo wala sijui unaipa nini.

Sasa nitasema na upande wa pili, ingawa sipendi.

Siku chache baadaye nilikuwa najaza fomu ndefu mtandaoni, ile ya kurasa nyingi, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mwishoni wanakutumia namba ya uhakiki kwa ujumbe mfupi. Nikatoka kwenda kuusoma. Nikarudi. Kivinjari kimejipakia upya, fomu nyeupe kama siku ya kwanza. Nikajaza tena, na safari hii nilipokuwa kwenye ujumbe simu ya kazini ikaingia, nikaongea kidogo, nikarudi: nyeupe. Na hapa siwezi kumlaumu mtu wa huduma kwa wateja, maana hiyo ndiyo bei ya kuzima. RAM ikijaa na hakuna pa kuhamishia, Android haikuulizi, inaua programu za nyuma ili ya mbele iendelee kupumua. Ndivyo ilivyoumbwa. Programu iliyoandikwa vizuri hujikumbuka ilipokuwa. Ile fomu haikuandikwa vizuri.

Basi nikanywea. Nikairudisha, lakini kwa GB 2 badala ya 4, maana yangu inakuruhusu kuchagua kiwango. Fomu ikakubali, nikaimaliza. Nikasema labda nilikuwa na haraka, labda kitu chenyewe si kibaya, ubaya ni kuzidisha. Nikawa mtu wa hekima kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu kibodi ikaanza kumwaga maneno kwa mafungu, hekima ikaniisha, nikazima.

Mtu mwenye RAM halisi ya GB 8 au 12, na hifadhi ya aina ya UFS, pengine ananishangaa, kwa sababu kwake washa zima hazitofautiani. Stoo yake ina mbio, na mezani kwake, yaani kwenye RAM, kuna nafasi, hana haja ya kuikimbilia kila saa. Wa GB 4 kama mimi tunachagua maudhi: kusubiri, au kuanza upya. Mimi kuanza upya ninaweza. Kusubiri ndiko kunanipandisha. Mwingine atakuwa kinyume changu na atakuwa sahihi, simbishii. Kuna pia wanaosema uandishi wa mara kwa mara unachakaza hifadhi, na ni kweli hifadhi za aina hii zina ukomo wa mara zinazoweza kuandikwa na kufutwa, ila kwa namna ninavyodondosha simu sidhani kama yangu itafika huko.

Nilikuwa nimeshaufikia uamuzi huo kwa amani. Nilikuwa tayari kuipa simu nyota tatu, hata tatu na nusu.

Likaja sasisho la mfumo. Nikaliweka usiku, asubuhi simu imewaka, mandhari mapya, alama zimebadilishwa umbo, kila kitu kinang'aa. Mchana ikaita. Kioo kikaganda. Nilijua ni nani kabla jina halijatokea, na lilipotokea sikuburuta kabisa, niliitazama tu ikiita mpaka ikanyamaza. Nikaenda kwenye Mipangilio, nikaandika RAM. Imewashwa. GB 4. Niliizima kwa mkono wangu, nikakubali onyo lao, na wao wakaja usiku nimelala wakairudisha. Ni mgeni gani huyo unamtoa kwa mlango anarudi kwa dirisha?

Nyota moja. Nusu ningeitoa kama ingewezekana. Lakini simu bado ninayo, na nimeizima tena, na ninapoandika haya kibodi inakwenda vizuri, jambo linaloniudhi kwa sababu linaonyesha ilikuwa inaweza siku zote. Namba za uhakiki siku hizi nazisoma kwa kushusha pazia la arifa, bila kutoka kwenye fomu. Na kila sasisho likija, kazi yangu ya kwanza asubuhi, kabla ya kunawa uso, ni kwenda kuangalia ile swichi.

Mama nilishamweleza, kwa lugha ya stoo, akaelewa kuliko nilivyotarajia. Sasa akipiga mara mbili sijapokea, hanuni tena. Anampigia mdogo wangu: "Hebu mwambie kaka yako kile kitu kimejiwasha."