Kadi ya netiweki kwa deskitopu ya zamani: anza na sloti

Kabla hujatoa hela, zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu uangalie sloti, yani tundu la kwenye ubao ambamo kadi inachomekwa, hiyo ndo inaamua kila kitu, jina la kadi linafuata baadaye. Sloti ya PCI, aina ya zamani, ni ndefu na mara nyingi nyeupe, PCIe x1, aina iliyokuja baadaye, ni kijisloti kifupi cha kama sentimita 2 na nusu. Kifupi kikiwa hakipo au kimeshajaa ila ile ndefu ya PCIe x16 iko wazi, chomeka humo humo, kwa kawaida inapiga kazi.

Namba moja kwangu ni kadi ya gigabiti, yani ya megabiti 1000 kwa sekunde, ya PCIe x1. Hata PCIe ya kizazi cha kwanza inapitisha megabaiti 250 kwa sekunde na gigabiti inahitaji 125 tu, nafasi ipo tele. Chipu ya Intel 82574L naipenda sana, imetulia, ila feki ni nyingi, kwa hiyo kama humwamini muuzaji beba Realtek RTL8111, kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti.

Namba mbili, gigabiti ya PCI, kwa mashine isiyo na PCIe kabisa. Njia yake inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde na inagawana na kadi zingine za PCI, gigabiti kamili usiitegemee, lakini bado inaiacha mbali kadi ya megabiti 100.

Tatu ni adapta ya USB. Mashine nyingi za umri huo zina USB 2.0, imeandikwa megabiti 480 ila utapata 300 hivi, intaneti ya megabiti 50 haitalalamika.

Za gigabiti 2.5 ziache, rauta na swichi lazima nazo ziwe za spidi hiyo, na PCIe x1 ya kizazi cha kwanza haiwezi kuifikisha.

Sasa kuna kitu kiliniuma mimi mwenyewe: nilinunua kadi ya bati refu, lile la kuifungia nyuma ya mashine, mashine yangu ni ile nyembamba, haikuingia. Pima kwanza, au chukua inayokuja na mabati mawili, refu na fupi. Na draiva, programu ya kuiendesha kadi, weka kwenye flashi mapema, maana bila netiweki utaishusha na nini?

Ukimaliza kufunga ukaona spidi imeganda kwenye megabiti 100, usiilaumu kadi, cheki waya wa netiweki, gigabiti inataka nyuzi zote 8 na 100 inatumia 4 tu.