Star Wars: The Old Republic: jina linaibeba, je, yenyewe inajikaza?

Kila ninapomshauri mtu ajaribu Star Wars: The Old Republic, swali la kwanza huwa lilelile: ukiliondoa jina la Star Wars, kitabaki kitu? Ni swali la haki. Gemu za kuigiza za mtandaoni zilizojengwa juu ya majina makubwa ni nyingi, na nyingine huishi kwa jina tu. Hii nimeicheza kwa miaka, nikiiacha na kuirudia, na jibu langu ni kwamba kinabaki kitu kikubwa. Tatizo ni kwamba kitu hicho kimewekwa mahali ambapo mgeni hapafiki haraka, maana jina lenyewe linamvuta upande mwingine.

Kwa wasioijua: ilitengenezwa na BioWare, ikatoka tarehe 20 Desemba 2011. BioWare ndio waliotoa Knights of the Old Republic mwaka 2003, gemu ya mchezaji mmoja iliyotufanya wengi tuupende ulimwengu huo wa kale, na hii ya mtandaoni inaanzia karne kadhaa baada ya ile. Kwa kalenda ya filamu, tuko zaidi ya miaka 3,500 kabla ya Darth Vader, yule adui mkuu wa filamu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara mno. Hakuna Luke, hakuna Leia, hakuna mtu ambaye mwisho wake tunaujua, kwa hiyo mwandishi ana ruhusa ya kumuua mtawala au kugeuza vita bila kuomba radhi kwa filamu yoyote. Unachagua Jamhuri, inayolindwa na mashujaa wa Jedi, au Dola ya Sith, mahasimu wao; kila upande una kazi nne, yaani aina nne za wahusika, na kila moja kati ya hizo nane ina hadithi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wanazungumza kwa sauti, hata mhusika wako mwenyewe. Mistari ya mazungumzo ilizidi 200,000, na Guinness wakaitambua kuwa kazi kubwa kuliko zote za kurekodi sauti katika burudani.

Sasa uhuru huo wa miaka 3,500 ulitumikaje? Hapa ninaikosoa bila kusita. Ukishuka Dromund Kaas, makao makuu ya Dola, unakuta askari ambao mavazi na kofia zao ni ndugu kabisa wa yale ya askari wenye mavazi meupe wa kwenye filamu. Manowari za angani ni pembetatu ndefu zilezile. Smuggler, yaani msafirisha magendo, anapewa chombo ambacho yeyote aliyewahi kuiona Millennium Falcon, chombo cha Han Solo kwenye filamu, atakitambua, na baadaye anapata Wookiee, jitu lenye manyoya, wa kusafiri naye. Jedi Knight anakabidhiwa roboti mdogo anayezungumza kwa milio, T7-O1, ili usimkose R2-D2, yule roboti wa filamu. Hebu pima umbali huo: miaka 3,500 kurudi nyuma kutoka leo unafika Misri ya mafarao. Katika muda wote huo hakuna fundi hata mmoja aliyebuni umbo jipya la chombo? Mimi ninayeupenda ulimwengu huu ndiye ninayeumia zaidi, kwa sababu nilitaka kuonyeshwa ulivyokuwa kabla haujawa kama tunavyoujua. Nikaonyeshwa uleule.

Hadithi ya Jedi Knight ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu hiyo, na ndiyo mgeni atakayoivamia kwanza, kwani nani hataki upanga wa mwanga? Unapata mafunzo katika sayari ya Tython, mwalimu mwema, kisha Sith mwenye kisasi na silaha za maangamizi zinazopaswa kuzuiwa moja baada ya nyingine. Imeandikwa kwa ustadi, na sehemu za mwisho, pale Mfalme wa Sith anapojitokeza, zina uzito wa kweli. Lakini kila hatua unaijua inayofuata, maana uliishaiona utotoni mbele ya televisheni.

Anza upya na Imperial Agent, jasusi wa Dola, uone tofauti. Unashukia sayari ya Hutta ukijifanya haramia aitwaye Red Blade ili uaminiwe na Nem'ro, tajiri wa jamii ya Hutt anayetawala mji kwa hongo na hofu. Huna upanga wa mwanga. Huna ile Nguvu ya Jedi. Una bunduki, kisu, jina la bandia, na sauti ya mwanamke ofisini, Watcher Two, anayekunong'oneza sikioni mambo ya watu unaoketi nao. Juu yako wako Sith, ambao wanaweza kukuua kwa kukasirika tu, na kazi yako ni kuilinda Dola ambayo wakubwa wake ndio hatari yake kubwa. Mwisho wa sura ya kwanza unasimama mbele ya Darth Jadus, mmoja wa Sith hao, na kila njia ina maiti zake: umkamate huku raia wakiteketea, au uwaokoe raia naye akuponyoke. Unaweza pia kupiga magoti na kumtumikia. Nilikaa mbele ya skrini muda mrefu kabla ya kubonyeza.

Sura ya pili inazidi hapo. Unatumwa kujifanya msaliti ndani ya idara ya ujasusi ya Jamhuri, na huko mkuu wako mpya, Ardun Kothe, anatamka neno moja la siri na mwili wako unaacha kukutii. Neno hilo lilipandwa kichwani mwako na wakubwa wako mwenyewe, watu uliowatumikia kwa uaminifu. Gemu nzima imekufundisha kwamba majibu yale kwenye skrini ni yako, kwamba wewe ndiye unayeamua. Ghafla majibu yapo na hayana nguvu. Alexander Freed, mwandishi wa hadithi hii, alichukua kile kile kinachoifanya gemu kuwa gemu, yaani chaguo, akakitumia kumwonjesha mchezaji utumwa. Filamu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mtazamaji hakuwahi kuwa na uhuru wa kunyang'anywa.

Mtu atasema hadithi hiyo ingesimama hata bila Star Wars. Nakubali kwa nusu tu. Ujasusi ungebaki, lakini ile hofu ya mtu wa kawaida anayetawaliwa na watu wanaoweza kumkaba koo kwa mbali bila kumgusa, hiyo ni mali ya Star Wars. Filamu ziliionyesha kwa dakika chache tu, katika nyuso za maofisa wa Vader, zikapita. BioWare waliingia kwenye chumba hicho wakafunga mlango. Huko ndiko kulitumia jina ninakokutaka: kuingia pale ambapo filamu zilipita haraka.

Sayari nazo zinathibitisha. Alderaan ilionekana kwenye filamu ya 1977 kama duara la buluu na kulipuliwa. Hapa ni nchi ya milima na majumba ya kifahari, kiti cha ufalme hakina mwenyewe, na koo za Organa, Thul na Ulgo zinachinjana kukigombea. Unatembea kati ya watu hao ukijua yatakayoifika nchi yao baada ya milenia tatu na nusu, nao hawajui. Hilo jina limetumika vizuri. Tatooine, kinyume chake, ni mchanga uleule, Jawa walewale, wachuuzi wadogo wa jangwani, jua mbili zilezile. Sayari hiyo ilipigiwa picha Tunisia na jina lake linatokana na mji wa Tataouine, kwa hiyo kuna kipande cha Afrika katika moyo wa Star Wars, na ningependa siku moja mtu akitazame kwa macho mapya. Gemu hii haikujaribu.

Voss ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haitokani na filamu yoyote. Ni watu wachache wanaoishi katika mji mmoja juu ya milima, wakiongozwa na waonaji ambao utabiri wao haujawahi kwenda kombo. Dola ilijaribu kuwavamia ikapigwa vibaya. Sasa pande zote mbili zimetuma mabalozi wanaobembeleza, nawe uliyezoea kuwa shujaa kila mahali unafundishwa kungoja, kuomba ruhusa ya kukanyaga mahali patakatifu, kunyamaza. Mwanzoni inachosha. Baadaye unagundua undani wa uadui kati ya Voss na majirani zao Gormak, sitausema, na kila ulichoambiwa kuhusu watu hao wenye hekima kinageuka.

Kuna jambo dogo linaloniudhi. Wageni wa sayari nyingine wanazungumza lugha zao na tafsiri inatokea chini, ila sauti zenyewe ni zilezile chache zinazorudiwarudiwa. Maneno mawili ya Kihutt yanabeba sentensi ya mistari mitatu. Wakati filamu ya 1983 ilipomhitaji rubani mgeni, Nien Nunb, alipewa sauti ya mwanafunzi kutoka Kenya, na kati ya maneno yake mlikuwa na Kikuyu kinachosikika waziwazi. Hata asiyeelewa alisikia kwamba ile ni lugha ya watu.

Wanaodai kwamba jina ndilo linaloua gemu wana ushahidi wao, nao ni Star Wars Galaxies, gemu ya mtandaoni iliyotangulia hii. Ilifunguliwa Juni 2003 na ilimruhusu mtu kuwa mcheza dansi wa baa, daktari, mshonaji au mjenzi wa nyumba. Jedi alikuwa adimu. Novemba 2005 wakaibadilisha kwa ghafla: kazi zaidi ya 30 zikapunguzwa kuwa 9 zinazofanana na wahusika wa filamu, na Jedi akapatikana tangu siku ya kwanza. Wachezaji wengi waliondoka kwa uchungu, na seva zikazimwa Desemba 15, 2011, siku tano kabla ya The Old Republic kutoka. Somo lilikuwa wazi mezani: watu walitaka kuishi ndani ya ulimwengu huo, hawakutaka wote wawe Luke.

Ila mambo si mepesi hivyo, na Knights of the Fallen Empire, nyongeza ya The Old Republic ya Oktoba 2015, inanilazimisha kusema. Humo waandishi walijikwamua kweli. Wakaleta himaya mpya ya Zakuul, mtawala wake Valkorion, na watoto wake Arcann na Vaylin, familia yenye uchungu ambayo haidaiwi chochote na filamu. Nilishangilia. (Hata hivyo shujaa anagandishwa kwenye kaboni kama Han Solo.) Lakini ili kuifanikisha, walizikunja hadithi nane kuwa moja. Jasusi wangu, aliyeishi kwa kutojulikana, akawa kiongozi wa muungano anayetajwa galaksi nzima. Maneno yake yakawa yaleyale ambayo angesema Jedi. Kwa hiyo siku gemu ilipoliachilia jina, iliachilia pia kitu chake bora. Tangu hapo naamini kosa halikuwa ukubwa wa jina. Ni woga wa kumwacha mchezaji awe mtu mdogo mwenye maisha yake.

Woga huo unaonekana pia kwa Revan, shujaa wa ile gemu ya 2003. Yumo katika misheni za kikundi za awali, kisha nyongeza nzima ya Desemba 2014 ikapewa jina lake, na barakoa yake inauzwa dukani. Nilimpenda sana Revan, na ndiyo maana nilitaka aachwe apumzike. Duka lenyewe, Cartel Market, limejaa mavazi na panga zinazokumbusha filamu. Hayaongezi nguvu vitani, kwa hiyo hayanisumbui sana.

Mapigano ni ya kawaida: vitufe chini ya skrini, subiri, bonyeza tena. Hapo jina linasaidia kweli, maana sauti ya upanga wa mwanga ukiwashwa na muziki wa John Williams hufunika uzee wa mfumo. Mazungumzo ya kikundi bado ni jambo la pekee. Mnakwenda wanne, kila mmoja anachagua jibu, kura ya bahati inaamua nani aseme, na unaweza kusikia mwenzako akimuua mateka uliyetaka kumwokoa.

Kwa tulio Afrika Mashariki hakuna seva karibu. Mimi niko Darth Malgus, seva ya Ulaya. Amri huchelewa kidogo, jambo linaloumiza kwenye mapambano ya wachezaji kwa wachezaji lakini halionekani katika hadithi. Saa zetu zinakaribiana na za Ulaya, hivyo jioni hukosi wenzako. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani tu. Kupakua ni makumi ya gigabaiti, usijaribu kwa bando la simu.

Hadithi zote nane za mwanzo ni bure, pamoja na nyongeza mbili za kwanza, hadi leveli ya 60. Usilipe chochote kwanza. Tengeneza Imperial Agent, mpitishe Hutta na Dromund Kaas bila kukimbia, zungumza na wenzako wa safari, Kaliyo na Vector, ndani ya chombo chako, uvuke sura ya pili. Ikikushika, lipia mwezi mmoja, dola 14.99, na nyongeza zote zilizokwisha kutoka zitabaki kwenye akaunti yako hata ukiacha kulipa. Jedi Knight mweke wa mwisho.